Mjumbe wa Tano

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu wa kike kapiga simu. Kapata nyumba ya vyumba viwili na kazi ya kudumu, kufua mashuka ya hospitali. Anakuja kumchukua Chiriku. Hakuuliza. Aliniarifu tu, kama mtu anayekuja kuchukua sufuria aliyoiazimisha.

Miaka sita! Alimwacha hapa hajui hata kuvaa viatu. Sasa mjukuu wangu yuko darasa la tatu, akitoka shule anakaa hapa kibandani anawasomea wateja gazeti. Watu wananyolewa huku wanasikiliza matangazo ya vifo.

Nikasema, sawa mwanangu. Nikaendelea kunyoa. Yule mteja kaondoka na upande wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Bado hajarudi kulalamika.

Jumanne, 4 Machi

Nimeikumbuka kanuni. Yangu mwenyewe!

Mwaka jana mwalimu mkuu alikuwa na mtindo wa kuwahamisha watoto wazito wa kuelewa kabla ya mtihani, ili shule ing'are. Nikasimama kwenye bodi ya shule nikasema: hakuna mtoto kuhama katikati ya mwaka mpaka bodi ikae. Ikapita. Wazazi wakapiga makofi. Mama wa mboga, ndiye aliyenipigia debe nichaguliwe, akasema kumbe tumechagua mtu mwenye kichwa, si mwenye wembe tu.

Tulikuwa wajumbe saba. Mmoja kalazwa, mmoja kahama mtaa. Tumebaki watano, na akidi ni hao hao watano. Mwenye mtoto wake kwenye ajenda hapigi kura, ila anahesabiwa. Maana yake maoni yangu hawayahitaji. Wanahitaji makalio yangu kwenye kiti.

Nimecheka peke yangu. Kicheko kibaya.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao. Darasa la pili, viti vya watoto, magoti yako kidevuni. Mwenyekiti wetu ni fundi bomba, kwa hiyo mlango wa choo ulichukua saa nzima. Kila mjumbe ana elimu yake ya bawaba.

Kisha: uhamisho wa wanafunzi. Nikashika tumbo. Nikaomba radhi. Nikapita hicho choo kisicho na mlango, nikapita geti, mpaka kibandani. Nikakaa kwenye kiti cha wateja nikajitazama kwenye kioo. Simu ikaita mara tatu. Fundi bomba. Sikupokea.

Wamebaki wanne wanatazamana. Kikao kimevunjika, hadi Ijumaa ya wiki ijayo.

Chiriku kauliza mbona mkutano umeisha mapema. Nimemwambia tumbo. Kaniletea maji, kasimama mpaka nimeyamaliza.

Ijumaa, 7 Machi

Siandiki mengi.

Mama wa mboga kaja asubuhi. Binti yake wa darasa la tano sikio la kushoto halisikii, na la kulia linafuata. Kampatia nafasi kwenye shule yenye walimu wa watoto wa namna hiyo. Nafasi inashikiliwa hadi Ijumaa ijayo, tarehe 14, saa sita mchana. Baada ya hapo anapewa mwingine.

Barua yake ilikuwa kwenye ajenda ile ile. Chini yetu tu! Karatasi ilikaa mfukoni mwangu siku mbili. Mimi kusoma nilijifundisha nikiwa na miaka thelathini, kwenye vipande vya gazeti vya kufutia wembe. Nasoma kwa kidole. Kidole kilifika kwenye jina la Chiriku kikasimama.

Hakujua kwa nini kikao kilivunjika. Kanipa pole ya tumbo na kipande cha tangawizi.

"Ninyi ndio tuliowachagua, baba. Hatuna wengine."

Nikasema asante. Asante! Mtu akisema asante ya namna ile anastahili bakora.

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu kafika. Kanenepa kidogo, kachoka sana. Asubuhi yeye na Chiriku walikuwa kama watu wawili kwenye foleni moja, wanapishana kwa adabu. Mchana vichwa vimegusana juu ya daftari.

Habari za kikao kazipata kabla hajashusha begi. Mtaa huu haufichi. Sikutukanwa. Ningependa nitukanwe.

"Baba, hunikomoi mimi. Unamkomoa yeye."

Nikamwambia nilijifunza kusuka nywele kwa ajili ya huyu mtoto. Kinyozi mzima! Wiki tatu nafanyia mazoezi kwenye kamba ya katani, wateja wananicheka. Akasema anajua, picha alikuwa anatumiwa na majirani, alikuwa anaziangalia kazini, chumba cha mvuke, mahali ambapo mtu hashangai ukiwa na uso uliolowa.

Hilo sikulijua. Miaka sita sikulijua.

Jumanne, 11 Machi

Nimemuuliza Chiriku mwenyewe. Nilikuwa nimejipa moyo.

"Nataka kukaa na Mama, Babu. Lakini nani atafagia nywele?"

Nimemwambia nitafagia mimi. Akafikiri, akasema mimi huwa naacha za pembeni.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika hapa hapa darasani. Nimefika wa kwanza, saa tatu. Fundi bomba kaja, kaniangalia, kavuta kiti chake mpaka mlangoni na kukaa. Mshonaji kaja. Mlinzi wa benki kaja. Wanne.

Dereva wa lori hayupo. Mwenyekiti kampigia. Kumbe kabeba mzigo tangu asubuhi: ya nini apoteze siku yake wakati kinyozi atakimbia tu? Nikaomba simu. Nikamwambia, ndugu yangu, leo nimekaa, rudi. Akacheka sana. Kisha akagundua sicheki. Kasema atajaribu kugeuza, ila yuko mbali.

Saa tano na robo. Dirishani naona benchi la nje. Mama wa mboga na binti yake. Mwanangu na mabegi mawili, moja la Chiriku. Wanawake hawaongei. Chiriku anamsomea yule binti ubao wa matangazo, mdomo karibu na sikio la kulia. Ratiba ya mtihani, yote, mpaka saini ya mwalimu mkuu.

Mwenyekiti kauliza kama wanne hatuwezi kuandika tumekaa watano. Mlinzi wa benki kasema haiwezekani, kuna kanuni. Wote wakanitazama.

Saa tano na dakika arobaini. Nasikia lori barabarani. Naomba liwe lake. Mama wa mboga kasimama, kashika mkono wa mtoto.

Naomba pia lipite. Humu daftarini hasomi mtu, kwa hiyo naandika: naomba lipite.

Linapunguza mwendo.