Kikorea Chetu cha Jikoni

Papa Merveille wangu,

Juzi nilikuwa ninakaanga chisense, nimeinama juu ya mbabula, makala yamewaka kupita kiasi, samaki wakaanza kushika chini ya sufuria. Nikasema kwa sauti, kama vile uko umesimama nyuma yangu: "Bul juryo." Punguza moto. Mama Kabwe, jirani yetu, alikuwa anapita na ndoo yake ya maji. Akasimama, akaangalia mulangoni, akaangalia nyuma yangu, kisha akaniuliza, "Mayo, mama, unasema na nani?"

Nikamwambia niko ninaimba. Akaenda zake, lakini nilimwona anageuka mara kwa mara hadi kwenye kona ya njia.

Ndiyo sababu ninakuandikia. Katika makazi haya yote ya sisi Wakongo, na huko chini hadi Nchelenge, hakuna mutu mwengine ninayeweza kumwambia "bul juryo" naye akanyoosha mukono na kutoa kaa moja la moto.

Unakumbuka ilivyoanza? Tulikuwa tumetoka Pweto na mutoto wetu Merveille na vile tulivyoweza kubeba. Wewe ulikuwa mupishi wa nyumba ya mapadri, mutu wa kukunja serviette na kuonja sosi kwa ncha ya kijiko, na hapa Zambia walitupatia shamba na jembe. Ulilishika lile jembe kama mutu aliyepewa nyoka. Muhogo wetu ulitoka mwembamba kama vidole vyangu. Ulikuwa husemi, lakini nilikuona unavyozunguka sufuria yangu, unaangalia majani ya sombe yanavyochemka, unatia mukono mufukoni ili usinipokonye mwiko.

Halafu Wakorea wakaja kuchimba visima na kupitisha mabomba ya maji karibu na ziwa, tukasikia jiko lao linatafuta mutu. Ulivaa shati lako jeupe, ukaenda kwa miguu. Jioni ulirudi unacheka peke yako. "Chef yangu ni mwanamuke," ukasema. "Mufupi, nywele nyeupe. Haiko anajua Français, haiko anajua Swahili. Anasema nimwite Imo. Kwao ni vile tunasema mama mudogo."

Imo alikufundisha kama mutu anavyofundisha mutoto mudogo. Anashika kisu, anasema jina lake, unarudilia. Anakatakata kitunguu saumu hadi kiwe kama mchanga, anasema "dajida", unarudilia. Lakini wewe sikio lako la kushoto lilikufa siku ile bomu lilipoanguka karibu na soko la Pweto, na maneno mapya yalikuwa yanakufikia nusu nusu. Kwao moto ni bul, maji ni mul. Imo akaonyesha mbabula, akapiga kelele, "Bul! Bul!" Wewe ukachukua jagi, ukamwaga maji yote katika makala.

Ulirudi nyumbani umejaa majivu hadi kwenye kope. Ukakaa chini. "Nimeisha kupoteza kazi," ukaniambia. Nikakuuliza Imo alifanya nini. "Alikaa chini, akacheka hadi akalia. Na yeye alikuwa mweupe kabisa, kama mutu wa ku moulin ya unga."

Kesho yake hakukufukuza. Nami nilianza kukaa upande wako wa kulia, mudomo wangu karibu na sikio lako zima, ninasema bul, ninasema mul, unachagua. Ukikosea ninakupiga kofi la bega. Merveille alikuwa anatuangalia na kucheka. Papa Merveille, nikuambie kitu ambacho sikukuambia ukiwa hai. Tangu tulipovuka kuja Zambia tulikuwa tunalala kitanda kimoja kama watu wawili waliokutana katika kamyo ya mizigo. Ilikuwa wakati ule, katika bul na mul, ndipo nilipohisi tena pumzi yako kwenye shavu langu.

Baadaye Imo akaniita na mimi, nioshe mboga. Ndiyo nikajua kwa nini ulikuwa unarudi umechoka kichwa kuliko mikono. Sisi tunasema kupika, basi. Wao hapana. Kuchemsha supu utakayokunywa ni kurida. Kuchemsha yai, maji yake unamwaga, ni samda. Kupika samaki katika sosi yake hadi ikauke na kung'aa ni jorida. Na majani yaliyochemshwa, unapoyatia chumvi na mafuta na kuyachanganya kwa vidole, taratibu, kama unampaka mutoto mafuta, hiyo ni muchida. Ulikuwa unasema, "Hawa batu balikaa chini kabisa juu ya kufikiri chakula."

Na siku ya bibimbap! Imo alileta bakuli, wali chini, mboga za rangi rangi juu, akachanganya. "Bibi," akasema, anazungusha kijiko, "bibi." Ukaniangalia mimi. Ukauliza kwa Kiswahili, kwa heshima zote, "Imo, kwenu banachanganya bibi mu wali?" Sisi wawili tulicheka hadi mafundi wakaja kuchungulia dirishani. Imo hakuelewa chochote, lakini alicheka zaidi yetu.

Ulimpa na wewe kitu. Vidagaa vyake vya kukausha, vilivyotoka kwao katika mufuko, viliisha, naye akazunguka jikoni kama mutu aliyefiwa, maana kwao supu bila vile si supu. Ukaenda sokoni Kashikishi, ukamletea chisense, vidagaa vya ziwa letu. Akanusa, akatoa vichwa, akavikausha vile vidagaa kwenye moto bila mafuta, akavichemsha. Akaonja. Akafunga macho kwa muda mrefu. Kisha akakupiga mugongoni kwa nguvu, na tangu siku ile alikuwa anakwenda mwenyewe ufukweni na kikapu chake kuchagua, anabishana na wamama wa Kibemba kwa vidole.

Nyumbani maneno yale yakawa yetu. Nilipomgombeza Merveille kupita kiasi ulikuwa unasema polepole, "Bul juryo, mama." Kanisani, mahubiri yalipokuwa marefu, uliniegemea ukasema, "Dwesso." Imeiva, yatosha. Nikauma kitenge changu nisicheke. Na neno ulilolipenda kuliko yote lilikuwa tum. Wali ukiisha kuiva, moto umezimwa, unaacha kifuniko juu, hufunui, unauacha wali na mvuke wake hadi utulie. Hiyo ndiyo tum. Yule kijana wa Chienge alipokuja kumwomba Merveille, mimi nilitaka kumuuliza kila kitu pale pale, baba yake, kanisa lake, mutumbwi wake. Ukanigusa goti. "Tum." Nikafunga mudomo. Na akawa mukwe mwema.

Kazi ya mabomba ilipoisha Imo akaondoka. Alinishika mikono yote miwili, akasema maneno mengi ambayo hayakuwa ya jikoni, kwa hiyo hatukuyaelewa. Tukarudi kwa jembe.

Halafu ikaja siku ile shambani. Nilikuita, hukuitika, nikafikiri ni sikio lako. Nilipofika ulikuwa umekaa kati ya matuta, mudomo umekwenda upande, mukono wa kuume umelala pajani kama si wako. Tulikupeleka Kafutuma kwenye kituo cha afya, umefungwa kwa kitenge changu mugongoni mwa mutu wa pikipiki. Muuguzi akakuuliza jina lako. Ukafungua mudomo, hakikutoka kitu. Kiswahili hakikutoka, Kifaransa cha mapadri hakikutoka, hata Kibemba kidogo cha soko.

Yaya Sylvestre, kaka yako mukubwa, alifika na watu wa familia. Walikuzunguka. Ndipo ukasema, "Mul."

"Anasema nini?" Yaya akauliza.

"Mul," ukasema tena, unaniangalia. "Mul."

Yaya akarudi nyuma. "Hii haiko luga ya batu. Sikia, mama, huyu mutu mapepo banamuingilia. Tumutoshe hapa leo. Ku Kilwa, ngambo ya ziwa, kuko mutumishi anaombea batu ba namna hii."

"Yaya, anaomba mayi."

"Weye unajua namna gani?"

"Ni Kikorea. Ya jikoni. Anaomba mayi ya kunywa."

Waliniangalia mimi kama walivyokuwa wanakuangalia wewe. Nikachukua kikombe, nikakuinua kichwa. Ukanywa, mengine yakamwagikia shingoni. Ulipomaliza ukasema, "Dwesso," nami nikaondoa kikombe. Lakini Yaya hakushawishika, alikwisha kutafuta mutumbwi wa kukuvusha.

Ni asubuhi iliyofuata ulipoanza kulia na kupiga tumbo la chini kwa mukono wako mzima: "Bul. Bul." Yaya akasema, "Unaona? Anaitana moto." Mimi nikakimbia kwa muuguzi. Nikamwambia bwana wangu anasema anaungua hapa, ndani, anaungua. Akaja, akagusa, akakuta mukojo umekataa kutoka na tumbo limekuwa gumu. Wakakuwekea mupira wa kutoa mukojo. Ulipopata nafuu ulinitafuta kwa macho, na Yaya Sylvestre akatoka nje, akakaa chini ya ukuta na kofia yake mikononi. Hakutaja tena Kilwa. Kabla ya kwenda kwao alinishika bega. "Bakia naye weye," akasema. "Siye hatumusikie."

Hivyo nikawa mutu mmoja tu wa kukusikia. Nilikurudisha nyumbani, tukaishi kwa maneno yetu machache. Kidogo, ukasema jogum. Zaidi, ukasema do. Wageni walipokuchosha uliwaambia dwesso, nami nikawaambia kwa adabu kwamba unawashukuru. Nilipokuosha na kukupaka mafuta mugongoni ulisema muchida, na macho yako yalikuwa yanacheka hata kama mudomo haukuweza.

Merveille alikuja kutoka Chienge na mutoto wake. Tulimweka kwenye mukono wako mzima. Ukamnusa kichwani, ukasema, "Masitta."

"Baba anamutukana?" Merveille akauliza.

"Anasema ni mutamu," nikamwambia. "Ndivyo Imo alivyosema akionja supu."

Akacheka, kisha kilio kikamshika, akaenda kusimama nyuma ya nyumba.

Uliondoka asubuhi ya baridi, upepo unatoka ziwani. Nilikuwa nimekuletea uji. Ulitikisa kichwa. Ukasema, "Tum." Nikaweka bakuli chini, nikafunika kwa sahani, nikakaa nimekushika. Mpaka leo sijui ulitaka kusema nini. Labda ulikuwa unaniambia ningoje. Labda ulitaka kusema tu kwamba moto umezimwa. Lilikuwa neno la watu wawili, nami sina mutu mwengine wa kunitafsiria.

Sasa ninakaa. Merveille anapiga simu, anasema, "Mama, kuya Chienge, chumba kiko." Ninamwambia nitakuja mavuno yakiisha. Mavuno yanaisha, sisongi. Ninapika bukari ya unga wa muhogo, ndogo kama ngumi, na bado inabaki. Kitu kinachoniogopesha si hicho. Maneno yameanza kuniponyoka. Juzi nilishika upawa, nikangoja jina lake lije. Halikuja. Nilisimama nao jikoni, nikajaribu kukumbuka sauti ya Imo, nikajaribu kukumbuka sauti yako. Zamani ningekugeukia tu. Neno nikilisahau mimi, kandokando yote ya ziwa Mweru limekwisha.

Na sasa nikupe habari ya Kashikishi. Nilikwenda kununua chisense, na pale kati ya meza za samaki nikaona musichana, kofia kubwa, uso kama wa Imo akiwa kijana. Alikuwa na wenzake waliokuwa wanangoja ndani ya gari. Nikamfuata. Nikasimama mbele yake, na sikujua kusalimu, maana salamu zote zimenitoka, nikamwambia vile nilivyo navyo. Solda. Dajida. Kurida. Bul juryo!

Hebu fikiri, Papa. Mama mwenye mvi, kitenge kiunoni, anamwamuru mutu sokoni akate, akatekate, achemshe, apunguze moto. Alifunika mudomo kwa mukono. Kisha akaanza kusema, mbio mbio, amefurahi, maneno mengi kama mvua juu ya mabati. Sikukamata hata moja. Nilitaka kumwambia nilikuwa na bwana. Nilitaka kumwambia alikuwa mupishi, na kwamba alikufa katika luga yenu. Nikatafuta kichwani, nikakuta visu na sufuria na chumvi.

Aliona sielewi. Akapunguza sauti. Akaangalia nafasi tupu iliyokuwa kando yangu, akainua kidole kimoja, akauliza, "Honja?"

Sikulijua lile neno. Niliangalia kidole chake, nikaangalia na mimi kando yangu, nikaelewa: peke yako?

"Honja," nikamjibu.

Akakishika kiganja changu kwa mikono yake yote miwili. Wenzake wakampigia honi, akaenda, anageuka na kuinama, anageuka tena na kuinama. Nikabaki na plastiki yangu ya samaki.

Tangu siku ile ninalisema nikifungua mulango, nikipima unga, nikitandika kitanda. Honja. Ninalitamka vizuri, nadhani Imo angekubali. Na kila nikilisema ninaona kwamba hilo ndilo neno la kwanza la Kikorea ninalolijua mimi, na wewe hulijui.

Ulale muzuri, Papa.

Ni mimi bibi yako,
Mama Merveille