Nimeshaagwa, Bado Nipo

Malindi, Jumamosi, 14 Septemba 1985

Kumepambazuka na mawingu, mvua ikatishia kisha ikabadili nia, na sasa ni alasiri na fukuto limejaa chumbani. Mwani umeoza ufukoni, harufu yake imefika mpaka kwenye mto wangu wa kulalia. Sina hamu ya kula. Sina hamu ya kusema na mtu. Hamu niliyonayo ni ya kugombana, na wa kugombana naye simpati, maana kila aliyeniumiza alikuwa akinitakia kheri.

Leo nimekaribishwa nyumbani kutoka Uingereza.

Sijawahi kufika Uingereza.

Wacha niandike kwa mpango, pengine hasira itapoa. Mwaka jana niliomba nafasi katika vyuo vikuu vitatu vya Uingereza, nisomee shahada ya udaktari wa falsafa. Nataka kuchunguza visima vya mji wetu, kwa nini maji yanazidi kuwa ya chumvi na chumvi hiyo inaingilia wapi. Tangu utotoni nimewaona wanawake wakiyaonja maji kwa ncha ya ulimi kabla ya kuteka, wakikunja uso, wakibeba ndoo zao kwenda kujaribu kisima kingine. Chuo cha kwanza kilinikataa kwa barua ya sentensi mbili. Cha pili hakijajibu mpaka leo, labda bado wanaitafuta Malindi kwenye ramani. Cha tatu kilinikubali, mwezi wa Machi, na profesa mwenyewe akaongeza chini kwa mkono wake kwamba visima vyangu vimemvutia sana. Nilisoma mstari ule nikiwa nimesimama katikati ya chumba cha walimu, nikalia mbele ya watu, mimi ambaye wanafunzi huniita Pilipili.

Lakini kukubaliwa si kwenda. Chuo kinakupa kiti cha kukalia, hakikupi nauli wala karo wala chakula. Hayo yalikuwa mikononi mwa kamati moja ya ufadhili huko Nairobi, nayo ilisema itaamua kabla ya Septemba. Nilimweleza mama hivyo hivyo, neno kwa neno. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanibusu kipaji cha uso, akajitanda leso yake, akaenda kuwaambia majirani kwamba Zuhura anakwenda Uingereza.

Kwetu mtu hafungi safari kubwa bila kusomewa dua. Anayetusomea sisi ni Ami Twalib, nduguye marehemu baba, na yeye anakaa Lamu. Mwanzoni mwa Agosti, shule zilipofungwa, alikuwa akipita Malindi kwa wiki moja tu. Mama akasema isomwe sasa, maadamu Ami yupo. Hizo pesa zitakuja, Mungu hashindwi na Nairobi. Nilipinga. Nilipinga, nakumbuka vizuri, kisha nikanyamaza kwa sababu mchele ulikuwa umeshaagizwa.

Dua ikasomwa. Watu walijaa mpaka barazani. Palikuwa na ubani, pilau, kahawa na halua. Walimu wenzangu walikuja wote, hata wa bara, hata wasio Waislamu, wakakaa mkekani na kuinua mikono kwa heshima zao. Shangazi akanipa koti la sufu aliloletewa na mwanawe baharia, zito kama godoro. Mwalimu mkuu akasimama akanisifu kuliko alivyowahi kunisifu nilipokuwa namfanyia kazi, akasema madarasa yangu ameshayatafutia mtu. Kisha wakanishika mkono mmoja mmoja. Nisisahau dini. Nisisahau kwetu. Nisiolewe huko. Wanawake wakalia, na mimi nikalia, maana kilio huambukiza.

Asubuhi yake nikaamka, nipo.

Hakuna aliyenifunza namna ya kuishi katika mji ulioniaga. Mwanzo ilikuwa mzaha. Wakinikuta sokoni huniuliza kama ndege imeniacha, tunacheka, ninanunua nazi zangu na kwenda zangu. Baadaye hawakucheka tena. Wakawa wananitazama kama mgeni aliyekwisha kuaga kisha akarudi kuketi. Yule aliyenipa chupa ya achari ya kwenda nayo alinitazama kwa namna ambayo nilidhani ataidai. Basi nikaacha kutoka. Nikilazimika, napita vichochoro vya nyuma, buibui nimelivuta karibu na macho. Shuleni sikukanyaga, madarasa yangu yana mwenyewe. Polepole watu wakaacha kuuliza, na wengi wakadhani nimeshaondoka kweli. Nakiri kwamba jambo hilo lilinipa raha. Laiti ningejua.

Jana nilichoka kungoja. Nikaenda posta, nikaomba simu ya Nairobi, nikasimama pale mpaka opareta aliponiunganisha. Akapokea mama mmoja mwenye sauti ya upole. Nikajitaja. Nikasikia karatasi zikipekuliwa, kisha akaniuliza napiga kutoka wapi. Nikamwambia Malindi.

"Malindi? Lakini wewe si ulienda ng'ambo tayari?"

Kamati ilikuwa imenichagua niende kuhojiwa. Nilikuwa miongoni mwa wachache waliobakishwa. Mwishoni mwa Agosti walipiga simu shuleni kwetu, nambari niliyowapa mimi mwenyewe, wakaambiwa mwalimu huyo alishasafiri kwenda kusoma. Wakaona basi, amepata mfadhili mwingine. Wakalifunga jalada langu na kumwita aliyenifuata, naye ameshapewa. Mama yule aliniomba radhi, akaniomba tena, akaniambia nijaribu mwakani.

Mwakani! Watu wa ofisini wanalitamka neno hilo kana kwamba mimi ni mnazi, wakirudi watanikuta nimesimama pale pale. Profesa hatanishikia kiti mpaka mwakani. Ana wengine wenye mito yao na maziwa yao ya kuchunguza.

Huyo aliyepewa namtakia kheri.

Uongo, simtakii. Natumaini koti lake linamwasha.

Leo asubuhi nikaenda shuleni. Sikuwa na haja ya kuuliza ni nani aliyepokea simu, kwa kuwa wakati wa likizo anayebaki ofisini ni Kazungu peke yake, karani wetu, mtu wa Magarini, mpole kupita kiasi. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Ninao ulimi mimi, na leo nilikuwa nimeutia makali. Nilitaka atetemeke. Nilitaka mtu mmoja tu katika mji huu alale leo akiwa na hali kama yangu.

Nilipoingia aliruka kutoka kitini, uso wote meno.

"Mwalimu! Karibu! Karibu sana! Umerudi lini? Na hiyo baridi ya huko je?"

Nikamuuliza juu ya simu ya Nairobi. Akaikumbuka pale pale, kwa fahari.

"Hee, walipiga hao. Nikawaambia mwalimu Zuhura mumemkosa, ashakwenda Ulaya zamani. Tumemuaga sisi wenyewe, na pilau tumekula." Kisha akaniangalia vizuri, na yale meno yakapotea. "Kwani nimekosea, mwalimu?"

Ningemwambia nini? Kwamba amesema uongo? Alikaa kwenye mkeka wetu, akainua mikono, akaitikia amina pamoja na wenzake, akaniona nikilia. Mtu akishaagwa namna ile amekwenda. Nani anaagwa namna ile kisha akabaki nyumbani anakuna nazi? Yeye peke yake ndiye aliyeichukulia safari yangu kuwa kweli mpaka mwisho.

Nikamwambia hakukosea.

Nilipokuwa nikitoka getini nikamsikia akimwambia mlinzi kwamba mwalimu amerudi, na Ulaya imemkondesha.

Basi nimekaa hapa tangu adhuhuri nikigawa hasira yangu. Kamati ina fungu lake, kwa kushindwa kupiga simu ya pili. Ami Twalib ana lake, kwa kukosa wiki nyingine katika mwaka mzima. Mwalimu mkuu na haraka yake. Wote walionilowesha bega kwa machozi. Na mimi nina fungu, tena nono, kwa kuuza ukimya wangu kwa sufuria ya mchele. Lakini nikishamaliza kugawa, kubwa kuliko yote linabaki, na mwenyewe namjua, na sitaki kuliandika jina.

Ni mama. Nimeliandika.

Mama ambaye posa ilipoletwa nami niko kidato cha kwanza, alisimama mbele ya shemeji zake wote, akasema huyu hatoki humu mpaka asome akinai. Mama ambaye mpaka sasa amezipanga chupa zangu za maji ya visima chini ya kitanda chake mwenyewe, na mtu akitaka kufagia huko humfukuza. Hajui kusoma vijikaratasi nilivyobandika, lakini anajua chupa ipi ni ya kisima kipi, na ikihamishwa anatambua. Hakuna aliyenitakia jambo hili kama yeye. Na ni yeye aliyelivunja, kwa mikono iliyoinuliwa juu.

Nikimwambia, nitakuwa nimesema kweli. Itanipoza, sitajidanganya. Kwa muda mfupi nitapata yule mtu wa kulala na hali kama yangu. Lakini mama husoma dua kwa kila kitu, kwa mtoto anayekohoa, kwa mkate unaoingia jikoni. Baada ya hapo kila akiinua mikono atanikumbuka mimi, na ataishusha.

Muda si mrefu uliopita alilitoa lile koti sandukuni akalianika uani, lisije likaliwa na nondo. Nimeliona kupitia dirisha, limening'inia kwenye kamba baina ya leso zake, kubwa, jeusi, halifanani na kitu chochote cha nyumba hii. Kisha akaja akaketi ukingoni mwa kitanda changu. Hakuniuliza kwa nini sikula. Alichukua upepeo akanipepea, mimi na daftari hili, kama anavyonifanyia nikiwa na homa.

"Zuhura mwanangu," akasema, "hebu niambie. Hao watu wa Nairobi, wao wajua kuwa wewe upo hapa wawangoja?"

Maneno yalikuwa yamenifika kwenye meno. Yote, kwa mpangilio wake, na ukali wake.

"Wajua, mama."

"Basi alhamdulillahi," akasema, akaweka upepeo chini, akaenda kuligeuza koti upande wa pili.