Mlango wa Buluu Umefungiwa Ndani

Niaje Sindano,

Najua ungeniangalia juu ya miwani useme, "Mwende, hiyo ni salamu ya kupatia mtu wa umri wangu?" Lakini ni wewe ulikataa nikuite Aunty. Ulisema Kitui yote inakuita Sindano, kwanza kwa sababu ya cherehani, halafu kwa sababu ya mashine yako ya santuri, na hata ukifa nisibadilishe. Basi sijabadilisha.

Nakuandikia nikiwa kwa kibanda changu cha kutengeneza simu, mgongo wangu kwa ukuta wa duka yako. Mabati inanichoma. Kama huku nje ni hivi, huko ndani ni aje? Hapo ndio shida yangu iko. Wacha nikuambie pole pole, ingawa unajua mimi na pole pole hatujuani.

Tulipotoka kukuzika, kaka yako Kimeu alikuja hapa moja kwa moja na kufuli mpya. Kubwa, ile ya kufungia posho mill. Akasema hakuna kitu inatoka kwa duka mpaka ukoo ukae kikao, na kikao kinangoja ndugu yenu wa Mombasa apewe ruhusa kazini. Kila wiki hiyo ruhusa ni ya wiki ijayo. Simlaumu Kimeu. Nilimuomba santuri moja tu. Akaniangalia na huruma kabisa. "Mwende, nikikutolea moja, kesho mwingine anakuja kusema aliahidiwa cherehani. Utanipatia jibu gani nimwambie?"

 Wewe uliniambia santuri zote zitakuwa zangu, lakini uliniambia tukiwa wawili, na pini zimejaa mdomoni. Nani alisikia? Pini.

Na ile moja nilikuwa naomba, unaijua.

Unakumbuka vile uliniingiza kwa huu ugonjwa? Nilikuja kuomba uzi. Nikakuta hiyo muziki yenu ya new wave, ngoma za mashine, gitaa nyembamba kama waya ya kuanika nguo, na jamaa anaimba kama amefungiwa kwa friji na hataki kutolewa. Nikauliza, "Hii ni nini?" Ukasema, "Kaa chini." Nikakaa miaka.

Yule mwalimu mzungu uliyekuwa unamshonea ukiwa msichana alikuachia mashine na santuri zake zote isipokuwa moja. Hiyo moja ulikuwa nayo kwa kaseti, mpaka kaseti ikajikula. Hatukuwahi hata kuiita jina lake. Sisi tuliiita Mlango wa Buluu, kwa sababu ya jalada: watu wanne wamesimama mbele ya mlango wa buluu, nywele zimesimama kama za kuku ameona mwewe. Kila nikikuonyesha hiyo picha kwa simu unauliza, "Sasa hawa si wafungue waingie?"

Niliisaka hiyo kitu, Sindano! Nilisoma usiku na mchana mpaka nikajua toleo la kwanza lebo yake ni ya kijivu, na namba iliyokwaruzwa kando ya lebo inaanza na herufi gani. Halafu mteja wako wa kutoka Kilungu, akipimwa gauni, akasema tu hivi hivi, jirani yake Mzee Mutua alikuwa mpishi wa wazungu na ana katoni ya santuri. Ulimpima kiuno mara mbili kwa furaha. Gauni ikatoka kubwa.

Tukapanda zile njia za milima ya Kilungu, mimi mbele, wewe unapumua nyuma. Na mzee akaitoa. Mlango wa Buluu yenyewe! Kona hazijachunika, hakuna ile alama ya duara santuri huacha kwa jalada.  Tukataka kununua, akakataa. Akasema ni zawadi, bibi yake wa ndoa ametangulia mbele ya Mungu na yeye hataki kubaki na vitu vya kuangalia. Akashika mikono yetu akaomba. Aliomba, Sindano! Aliombea cherehani, akaombea mvua, akaombea mpaka bwana yangu ambaye sina.

Wewe ndio ulinifunza usinunue jalada, nunua santuri: itoe, ishike ukingoni, iinamishe kwa mwanga. Lakini hiyo ilikuwa zawadi. Nani anafungua zawadi kuikagua mbele ya mzee aliyetoka kuiombea? Nikaona macho yako yananiambia, thubutu. Tukashukuru, tukakunywa chai, tukashuka.

Huku Kitui ukaiweka. Ukashusha mkono wa mashine. Tukafunga macho tungoje ngoma ya mashine.

Kwaya! Kwaya ya akina mama, Kikamba safi, Bwana asifiwe! Ulicheka mpaka ukakalia kitambaa cha harusi ya watu. Halafu wimbo wa pili mama mmoja akaanza peke yake, na ukaacha kucheka. Ukatoa mguu kwa pedali ya cherehani. Ulisikiza mpaka mwisho, halafu ukasema, "Hii tutamrudishia Jumamosi."

Jumamosi ulikuwa hospitali. Presha. Ukaenda hivyo tu, Sindano, kabla nikuletee hata uji.

Sasa sikiza yenye hukusikia. Juzi Mzee Mutua alinipigia. Walikuwa na ibada ya kumkumbuka bibi yake, na yeye akabeba jalada la kwaya kanisani, mtu akaleta mashine, watu wakasimama kwa heshima. Ikalia Mlango wa Buluu! Yule jamaa wa friji, mbele ya madhabahu! Mzee anasema pasta aliinama akamnong'onezea, "Mzee Mutua, mama alikuwa kwa hii kwaya?" Nilicheka nikaangusha simu ya mteja. Na yeye alikuwa anacheka. Halafu akasema, "Msichana wangu, nyinyi mlienda na bibi yangu. Mimi mmeniachia vijana wa kupiga makelele."

Yule anaimba peke yake wimbo wa pili, Sindano, ndiye bibi yake. Mzee hana sauti yake kwa simu, hana kwa kaseti. Iko hapo tu. Miguu yake imekataa kushuka mlima, kwa hivyo ananingoja. Nikimpelekea huyo mama, atanipa Mlango wa Buluu. Alinisomea namba ya kando ya lebo, pole pole, kama anasoma mstari wa Biblia. Ni toleo la kwanza.

Na huyo mama amefungiwa humo ndani ya duka. Uliiacha santuri yake juu ya mashine, wazi, bila jalada, ukijua utarudi. Naichungulia kwa tundu la msumari. Jua la mchana linaingia kwa ile karatasi nyeupe ya plastiki ya kupitisha mwanga kwa paa linakaa juu yake kabisa. Kwa hivyo unajua nafanya nini? Kila saa sita napanda kwa paa yako na magunia, nayalowesha maji ya kununua kwa mkokoteni, nayatandaza. Yakikauka napanda tena. Watu wa boda wananiita zimamoto. Mama Kasyoka ananiuliza kutoka kwa mboga zake, "Mwende, unanyunyizia mabati ndio ichipuke?" Nawaambia ndiyo, nitavuna madirisha.

Mchana nacheka nao. Lakini siwezi kuenda popote. Ile studio ya Nairobi, ile niliyokuwa nakusumbua nayo masikio, wamenichukua. Wanasema niende sasa ama wachukue mwingine. Mimi, ambaye nimesema tangu zamani Kitui itanikosa, nimefungwa kamba na duka ambayo siwezi kuingia. Nikienda, nani atalowesha?

Na magunia hayatoshi. Jana niliona ukingo umeinuka. Kidogo tu, kama chapati ikianza kufura. Ulinifunza ya kidogo inalazwa kati ya vioo viwili inarudi. Pia ulinifunza kuna mahali ikifika hairudi, sindano inaruka. Na hapa kile itaruka ni sauti ya mama wa watu.

Ile rula yako ya chuma iko kwangu. Unakumbuka kile kidirisha cha nyuma ulikuwa unanipitishia chai, komeo lake linasukumwa na rula ukiwa nje? Tulikuwa tunajua wawili. Sasa najua peke yangu. Kimeu nikimwambia ni ya mzee, atasema tungoje kikao; nikifungua kimya kimya, mimi ni mwizi aliyeibia marehemu. Kimeu ataniambia "hata wewe?" na hizo santuri zako zote sitaziguza tena, atauzia mtu wa kuzitundika kwa ukuta wa hoteli. Nisipofungua, mzee atakaa kwa mlima akingoja bibi yake, na bibi yake anakunjika hapa, nikiangalia na jicho moja.

Kwaheri, rafiki yangu. Lala poa, huko hakuna mabati. Nakuahidi hii: mama atafika Kilungu, anyooke ama apinde, nitambeba mimi mwenyewe, na safari hii nitakagua mbele ya mzee na atanisamehe. Na siku Mlango wa Buluu itaingia kwa jalada lake, nitaipiga upande wote wa kwanza nikiwa nimekaa chini, vile ulinifunza.

Kesho saa sita nitakuwa hapo nyuma ya duka, gunia lenye maji mkono huu, rula mkono huu, Mama Kasyoka ananiangalia. Ungekuwa wewe, Sindano, ungepanda juu ama ungefungua dirisha?