Tundu la Tezini

Mombasa, Machi 1992

Kaka Taha,

Barua yako imefika. Mwanangu Rawda ameota jino la pili.

Manowari uliyoiona makumbusho, ya mbao, ya moshi na matanga, ndiyo ile ile ambayo babu alichonga mfano wake mdogo: kule nyuma, tezini, ina tundu lililozungushiwa kuta maji yasiingie, la kupandishia pangaboi la mashine, iende kwa tanga tu. Baba aliitoboa mashua yetu vivyo hivyo tulipokimbia vita, tupite pwani ya Burgao kimya, wenye bunduki wasisikie mashine.

Tulikuwa watu ishirini na sita. Mashua ikadidimia, maji yakafurika juu ya kuta za tundu. Baba akashuka majini tuwe wepesi, akasema atatukuta Ras Kamboni. Tulimngoja siku tisa.

Ukirudi makumbusho, nipimie kuta zile. Nataka kujua Baba alikosea inchi ngapi.

Dadako,
Safiyya