Sanduku la Mwalimu Mikaeli

Juu ya mto Usa, 9 Februari 1913

Kaka yangu Eliamini,

Shikamoo. U hali gani huko Moshi, na kazi ya stesheni inaendeleaje? Sisi hatujambo. Ndizi zipo, mvua bado. Mama tu, kifua kinambana tangu Krismasi.

Mwalimu Mikaeli amefariki. Kabla hajakata kauli aliwaambia wazee wa kanisa kwamba lile daftari la kwanza la ubatizo, ambalo wote tulidhani liliungua pamoja na paa la kanisa la zamani, aliliokoa akalifukia. "Anzeni tulipojifunzia herufi," akasema. "Hapo mtakuta neno la kuwapeleka mbele. Wengi wenu mmelikuta kanisa lina mabenchi. Tembeeni kidogo."

Kanisa jipya la mawe litafunguliwa Pasaka, na wazee wanataka kusoma majina ya waliobatizwa kwanza. Mama anasema naye yumo, kwa jina la Susana. Hawamwamini. Wanasema akitaka kurudi kanisani aanze mafundisho upya pamoja na watoto. Amekataa. "Nilishabatizwa. Mimi si nguo ya kufuliwa kila Jumamosi."

Mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki kitu. Walijifunzia wapi herufi?

Mdogo wako,
Kaanaeli

Moshi, 21 Februari 1913

Mdogo wangu Kaanaeli,

Marahaba. Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa kupakua magunia. Pole kwa msiba. Mwalimu ndiye aliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza.

Tulisoma katika banda lake la mbuzi. Lilishavunjwa, pakapandwa kahawa. Tafuteni jiwe pana lililokuwa mlangoni.

Habari za Mama usiniulize. Jina liwemo au lisiwemo, yeye ndiye aliyetoka kanisani. Baba alikufa kwa ndui, hata mwaka haujaisha Mama akakubali kurithiwa na Baba Mdogo, mtu mwenye mke tayari. Hakuna aliyemfunga kamba. Ndiyo maana niliondoka, na ndiyo maana salamu zangu ni zako peke yako.

Kaka yako,
Eliamini

Juu ya mto Usa, 27 Machi 1913

Kaka yangu Eliamini,

Shikamoo. Natumaini mikono imepona. Sisi wazima. Nakuomba uisome barua hii hadi mwisho.

Jiwe tulilipata. Chini yake palikuwa na chupa, ndani karatasi: "Tulipokimbilia paa lilipoungua." Mzee Loishiye wa kanisa akakumbuka pango la huko chini mtoni. Mle tukakuta chupa nyingine: "Kina mama walipokanyagia udongo." Hapo wote wakakwama. Siku nne wakachimba huku na huku, hata nyuma ya nyumba ya misioni.

Mama akajifunga kanga, akashuka nao huku akikohoa. Akasimama penye majani marefu, hatua chache kutoka kwenye chemchemi. "Chimbeni hapa."

Mzee Loishiye akamuuliza, "Umejuaje?"

"Udongo wa kuta zenu za kwanza niliukanyaga mimi. Miguu ilipasuka mwezi mzima."

Sanduku la bati lilikuwapo, limefungwa kwa ngozi ya ng'ombe. Bati limetoboka kwa kutu na mchwa wamekula pembe za daftari, lakini maandishi yanasomeka. Jina la Mama ni la nne. Pembeni Mwalimu ameandika, nami nakunakilia:

"Susana, mjane. Kiwanja cha kanisa ni cha marehemu mumewe. Shemeji yake alitaka kukichukua apande migomba. Akasema atakiacha iwapo Susana atakubali kurithiwa naye. Susana amekubali, na kwa hilo ametengwa na meza ya Bwana. Ameniomba nisimwambie mtu maadamu mimi ni hai, hasa watoto wake, wasije wakamchukia anayewalisha."

Mama alikasirika. "Mikaeli ana mdomo hata kaburini!" Baba Mdogo naye alisomewa. Akasema ni kweli, akachukua jembe akaenda kupalilia.

Siku ya Pasaka majina yalisomwa. La nne liliposomwa, Mama alisimama. Meza ya Bwana bado hapewi, kwa kuwa yeye ni mke wa pili. Lakini habari ya mafundisho pamoja na watoto haitajwi tena.

Mdogo wako,
Kaanaeli

Moshi, 18 Mei 1913

Mama yangu,

Shikamoo. Kaanaeli, msomee taratibu.

Barua ya Pasaka ilinifikia Aprili. Nimeibeba mfukoni mpaka imekatika kwenye mikunjo. Nimeanza kukuandikia mara tatu nikachana.

Miaka saba sijakusalimu, Mama. Nilikula ugali wa nyumba ile, kisha nikakulaumu kwa kuingia humo. Nilikusema vibaya hata mbele ya wageni. Naomba unisamehe.

Kifua kinaendeleaje? Ukikubali nije, niambie. Usipokubali, nitaelewa.

Mwanao,
Eliamini

Juu ya mto Usa, 2 Juni 1913

Mwanangu Eliamini,

Marahaba. Kaanaeli ananiandikia. Kifua kimepungua.

Barua yako nimesomewa, nikamwambia airudie. Usijilaumu sana. Hata ungeniuliza, ningekudanganya.

Juu ya kitanda chako tuliweka magunia ya mahindi. Nimeanza kuyatoa. Huku ni baridi sasa, vaa koti. Usisubiri barua nyingine, njoo.

Ukivuka mto utamkuta Baba Mdogo shambani. Amezeeka, na tangu Pasaka hazungumzi na mtu. Msalimie yeye kwanza, halafu upande nyumbani.

Mama yako