Mume Wangu Aligeuza Kibati Changu, Nikaachwa Ufukweni

Mpendwa Mama Gudveig, naomba msaada, usingizi umeniruka na mtu wa kumwambia sina.

Mimi na mume wangu Oddvar tangu tustaafu hatukosi meli kila kiangazi, bandari zote kuanzia Bergen hadi Kirkenes tumeshuka, nyangumi tumewaona, na mwaka jana tukaenda visiwa vya Svalbard, kaskazini kabisa kwenye barafu, kuwatazama wale sili wakubwa wenye meno marefu. Unajua mlangoni mwa meli zile kuna ubao wa vibati, kila abiria na chake, ukishuka unakigeuza kiwe chekundu, ukirudi kiwe kijani, ndivyo wanavyojua nani yuko nje. Sasa mimi mikono yangu hujaa darubini na fimbo, kwa hiyo Oddvar ndiye hugeuza vyote viwili, wenzetu hututania eti tumefungwa kamba moja.

Siku moja huko Svalbard tulishushwa ufukweni kwa boti ndogo, yeye akasikia baridi akatangulia kurudi melini na boti ya kwanza, mimi nikabaki, nikajitenga nyuma ya mwamba kumwangalia mbweha, na nilipotokea naona boti ya mwisho inakwenda zake pamoja na kiongozi wetu mwenye bunduki ya kutulinda na dubu. Kumbe kiongozi aliuliza melini kwa redio kama nimerudi, wakamjibu kibati changu ni kijani, yumo ndani, maana Oddvar alikuwa amevigeuza vyote viwili kama kawaida yake. Nilipiga kelele, injini ikaimeza sauti. Nilibaki na sili wakikoroma, na kwenye matope nyayo za dubu, sijui za lini. Nilijikojolea, Mama Gudveig, nakuambia kweli.

Walirudi kunichukua, lakini kuachwa siko kunakonitisha zaidi. Dada anayetuhudumia mezani ndiye aliyeshtua watu, maana alimuuliza Oddvar, "Mama yuko wapi leo? Supu inapoa," naye akamjibu kwa upole kabisa, "Mke wangu? Yuko nyumbani Ålesund. Hapendi bahari huyo."

Nilipomuuliza alicheka. "Aa, bibie, nawe! Nilikuwa namtania yule binti." Kisha mlango wa chumba chetu ulipofungwa akanishika mkono akasema, "Ingunn asijue." Ingunn ni binti yetu, ni muuguzi. Na juzi tulikuwa gatini hapa hapa kwetu tukinunua samaki, akaniuliza meli yetu inaondoka saa ngapi, na safari hatukuwa nayo.

Ameshakata tiketi za Mei, turudi Svalbard tukamtafute dubu mweupe. Nikikataa nitamvunja moyo, nikienda naogopa ule ufukwe, na wakati mwingine nawaza jambo baya, kwamba labda alitaka niachwe. Nifanye nini?

Ragnfrid, Ålesund

Ragnfrid,

Pole, mama. Hata mimi nimesoma barua yako nikaenda kufunga dirisha. Na kuhusu kujikojolea, usione haya, ningefanya hivyo hivyo.

Sasa nikugombeze kidogo. Umeniuliza habari za safari, nawe unajua fika kwamba hapo sipo panapouma. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeyaficha majira mazima ya baridi ili mzee asinune! Na huyo kiongozi naye, angehesabu watu kwa macho yake asingekuacha na madubu, andikia kampuni uwaambie.

Lile wazo baya lifute. Mtu anayetaka mkewe aachwe hujitayarishia uongo mzuri, hamwambii mhudumu kwamba yuko nyumbani Ålesund. Oddvar aliamini alichosema. Hilo linatisha zaidi, najua, lakini si uovu.

Tena hebu soma upya ulichoniandikia mwenyewe. Anayetania haombi siri. Aliposema Ingunn asijue, alikuwa anakuambia kwamba anajua kichwa chake kinamponyoka, na anaogopa kuliko wewe. Wewe angalau umepata pa kuandika. Yeye anacheka tu.

Kwa hiyo Svalbard hamwendi. Dubu hasubiri mtu akumbuke mkewe yuko wapi. Kesho asubuhi mpigie daktari wenu, mwende pamoja, na useme yote, ya supu na ya gatini. Huenda ni jambo lenye dawa, huenda silo, lakini kukisia hakutibu. Akitaka bahari, ipo feri ya kuvuka na kurudi, mkiwa mmeshikana mikono.

Ila leo hii, Oddvar akiwa hasikii, mpigie Ingunn. Ukikosa pa kuanzia, mwambie tu, "Mwanangu, baba yako ameanza kunisahau." Halafu ulie. Atakuja.

Mama Gudveig