Wamekuja Kutupa Pole

Mwenzangu, hapa nilipo sijui nicheke au nilie.

Jirani wa huku amepiga hodi sasa hivi, yeye na wanawake wawili, nyuso zimewanyong'onyea. "Poleni sana na msiba." Msiba gani tena?

Eti tangu tuhamie, mwezi mzima, hawajasikia sauti nyumbani kwetu. Tunanong'ona tu, hata watoto. "Tukajua mmefiwa." Tumefiwa!!

Sasa ningewaambiaje? Kwamba tulikotoka kodi ilitutoa roho kwa chumba kimoja tu, ukuta kama karatasi, na wewe upande wa pili ukitugongea hata tukikohoa? Huku tuna vyumba vitatu na uwanja, na bado tunanong'ona!

Baba watoto naye kajifungia chooni anacheka. Kimyakimya!

Walipoondoka nikasema potelea mbali, leo ni kelele. Nikamwita baba watoto kwa sauti yangu yote. Watoto wakaganda, sote tukageukia ukuta.

Kimya.

Wamesharudi kucheza, wananong'ona. Mimi bado nimeukodolea macho huu ukuta. We mwanamke, mbona hugongi?